Kutoka Kinanda cha Kanisani Hadi Darasani: Jinsi Mwalimu wa Muziki Anavyosomea Piano Chuoni

Katika makanisa mengi mashinani, kijana anayepiga kinanda Jumapili hujulikana na kila mtu. Amejifunza kwa kusikiliza, na kwaya nzima humtegemea. Lakini siku anapotaka kusomea ualimu wa muziki, huambiwa kuwa kipaji pekee hakitoshi. Mara nyingi habari hiyo humfikia ikiwa imechelewa: aliacha somo la Muziki alipoingia Kidato cha Tatu, au shule yake haikulifundisha kabisa.

Makala haya yanawaeleza wazazi na wanafunzi njia inayofuatwa, ili uamuzi ufanywe mapema.

Kwa nini walimu hawa wanahitajika

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule ya sekondari ya juu Januari 2026. Mojawapo ya mikondo mitatu wanayochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo muziki una nafasi yake. Shule isiyo na mwalimu wa muziki haiwezi kumfundisha mwanafunzi aliyechagua somo hilo, hata awe na kipaji namna gani.

Masharti ya kujiunga

Chini ya Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ya 2012, hakuna anayeruhusiwa kufundisha shuleni bila kusajiliwa. Mwalimu wa sekondari mwenye shahada aliyefanya KCSE huhitajika kuwa alipata wastani wa C+ na kuendelea, pamoja na C+ katika kila moja ya masomo mawili anayofundisha. Anayelenga muziki asiache somo hilo, wala asipuuze somo lake la pili, liwe Kiswahili, Historia au jingine.

Vyuo Vikuu vya Kenyatta, Maseno na Kabarak ni miongoni mwa vinavyofundisha muziki. Kabla ya kujaza fomu za KUCCPS, mwombaji ahakikishe kuwa kozi anayoichagua ni ya ualimu. Shahada ya muziki pekee, isiyo na mafunzo ya ualimu, haimfanyi mtu kuwa mwalimu.

Kinachofundishwa

Shahada ya ualimu huchukua miaka minne. Mwanafunzi huchagua ala yake kuu. Anayechagua piano hufanya mazoezi ya vidole na skeli, hujifunza kusoma noti papo hapo, na hupiga mbele ya watahini. Sambamba na hayo husoma nadharia ya muziki, hamonia, historia, na mazoezi ya sikio, yaani kusikia wimbo na kuuandika kwa noti.

Kwa mwalimu, kusindikiza waimbaji ni stadi muhimu kuliko kupiga peke yake jukwaani. Kwaya ya shule ikishindwa kufikia sauti ya juu, mpiga piano hulazimika kuushusha wimbo wote hapo hapo, huku waimbaji wakimsubiri. Ndiyo maana aliyezoea kupiga kwa ufunguo mmoja tu hupata taabu mwaka wa kwanza.

Mwanafunzi pia husomea saikolojia ya elimu na mbinu za kufundisha, kisha hutumwa shuleni kwa mazoezi ya ualimu. Huko hukutana na hali halisi: darasa zima na kinanda kimoja, au bila kinanda. Hapo ndipo hujulikana kama anaweza kufundisha mdundo kwa makofi na sauti kwa kuimba.

Piano haitoshi peke yake

Piano kamili ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Humsaidia mwalimu kwa sababu mwanafunzi huona kwa macho jinsi sauti zinavyopangana. Hata hivyo, kila oktavu ya piano imegawanywa katika hatua 12 sawa, na sauti zilizo katikati ya hatua hizo haziwezi kupigwa. Nyimbo nyingi za jadi zina sauti za aina hiyo. Kwa sababu hiyo, mwalimu anayejua piano anahitaji pia kuzielewa ala kama nyatiti ya Waluo, yenye nyuzi nane, au chivoti ya Wamijikenda, ili asizilazimishe nyimbo za wazee zifuate vibao vya piano.

Hatua za kuchukua sasa

Wazazi wa wanafunzi wa Gredi ya 9 wanashauriwa kuuliza mapema ni shule gani zina mwalimu wa muziki kabla ya kuchagua mkondo. Wanafunzi wa 8-4-4, ambao mtihani wao wa mwisho wa KCSE ni wa 2027, wazingatie alama zao katika masomo yote mawili.

Anayejifunza nyumbani anaweza kuanza na kinanda cha umeme chenye vibao 61, lakini ajue kwamba vibao vyake huwa vyepesi kuliko vya piano. Akipata nafasi ya kufanyia mazoezi piano halisi, hata mara moja kwa wiki, asiiache. Na aanze kusoma noti leo. Sikio alilonalo tayari litamsaidia, bali noti ndizo zitakazomwezesha kumfundisha mwingine.