Uso wa Kuazima

Mwanzoni alishuku. Barua pepe aliyoipata mfanyakazi wa idara ya fedha wa kampuni ya uhandisi ya Arup, mjini Hong Kong, mapema mwaka 2024, ilijitambulisha kuwa ya mkuu wa fedha aliyeko Uingereza na ilitaka malipo ya siri. Ilinuka utapeli. Kisha akaitwa kwenye mkutano wa video, akaiona sura ya bosi, akawaona na wenzake anaowafahamu, shaka ikamtoka. Alihamisha fedha mara 15 kwenda akaunti 5 za benki, jumla dola milioni 200 za Hong Kong, ambazo ni kama dola milioni 25 za Marekani. Alipowasiliana na makao makuu ndipo ilipobainika kwamba katika mkutano ule mtu wa kweli alikuwa yeye peke yake.

Polisi walieleza kuwa sura zile ziliundwa kutokana na video zilizokuwa wazi kwa yeyote, zikatayarishwa kabla ya mkutano. Hatari iliyofuata ni ya sura inayojibu maswali.

Msingi wake ni wa siku nyingi. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani na Marekani walionyesha Face2Face, mfumo uliohitaji kamera ya kawaida tu ya kompyuta. Mtafiti akipanua kinywa au kukunja uso, kiongozi aliye kwenye video ya YouTube anafanya vivyo hivyo, papo kwa papo. Kompyuta huchora umbo la nyuso zote mbili, hufuatilia mjongeo wa mmoja, kisha humvika mwingine mjongeo huo. Hata meno hayakubuniwa: yalichukuliwa kwenye video ya mlengwa mwenyewe, mahali kinywa chake kilipokaribia umbo lililotakiwa. Wakati ule ilibidi kuwa na video ya mlengwa. Mwaka 2024 ikaenea programu ya bure iitwayo Deep-Live-Cam, ambayo inatosheka na picha moja.

Picha moja! Ya mahafali, ya harusi, au ile ndogo ya WhatsApp. Neno la siri likivuja hubadilishwa jioni hiyo hiyo, lakini uso mtu anao mpaka kaburini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zinaziweka alama za kibayolojia miongoni mwa taarifa nyeti, na ni jambo jema. Ila sheria humbana anayekusanya taarifa kwa jina lake na anuani yake. Tapeli aliyepakua picha usiku hana ofisi ya kukaguliwa.

Je, jicho haliwezi kumkamata? Kwa muda liliweza. Wataalamu walishauri mzungumzaji aombwe ageuke ubavu kabisa, au apitishe kiganja mbele ya uso, kwa sababu programu nyingi zilifunzwa kwa nyuso zinazotazama mbele na hapo barakoa huyumba. Mwaka 2022 kampuni ya Intel ilitangaza programu inayotafuta mabadiliko madogo ya rangi ya ngozi yanayoletwa na mapigo ya moyo. Mwaka 2025 watafiti wa Ujerumani wakaonyesha kuwa video bandia inaweza kurithi mapigo ya yule aliyeko nyuma yake.

Kwa hiyo ni kosa kumbebesha mfanyakazi mmoja, aliye peke yake mbele ya skrini, kazi ya kutambua sura. Utaratibu wa kukata simu na kumpigia bosi kwa namba iliyokuwapo tangu zamani ungeokoa mamilioni yale.

Septemba 2024 seneta wa Marekani Ben Cardin alizungumza kwa video na mtu mwenye sura na sauti ya Dmytro Kuleba, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Ukraine. Sura haikumtia wasiwasi. Maswali ndiyo yaliyomshtua: mgeni alimtaka aseme kuhusu uchaguzi wa Marekani na kuhusu kurusha makombora ndani ya Urusi, mambo ambayo Kuleba asingeyauliza namna ile. Cardin akakata mazungumzo.