Baridi ya Julai: Vile utapanga luku na ngozi yako bila kugusa pesa ya rent

Unaijua hiyo asubuhi. Saa kumi na moja na nusu, giza bado, uko stage umeficha mikono kwa kwapa na mathree haiji. Juzi tu ulikuwa unatembea na tishati. Leo pua inatiririka, midomo imepasuka, na unaapa ukitoka job utapitia Gikomba ununue jaketi. Yoyote. Bei yoyote.

Hapo ndipo wasee wengi huangushwa. Muuza jaketi akikuona unatetemeka, bei ishapanda kabla ufungue mdomo. Kuna boy wangu hununua jaketi mpya kila Julai, na ikifika Septemba hajui ilienda wapi. Siku moja tulivuta kitanda chake tukitafuta chaja. Chini kulikuwa na jaketi tatu. Moja zipu imekufa, ingine inanuka kuvu, na ya tatu alikuwa amesahau ni yake. Karibu pesa ya rent ilikuwa imelala hapo na vumbi.

Kwa hivyo kabla utoe hata soo moja, anza kejani.

Lakini kwanza elewa hii baridi yenyewe, juu ndio itakuambia uvae nini. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Juni hadi Agosti jua limeegemea upande wa kaskazini ya dunia, na mawingu yanatufunika siku nzima yakizuia hata hilo kidogo tunalopata. Usiku inaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 11. Watu wa Limuru na Nyahururu wakisoma hii wanacheka, wao hiyo wanaita joto.

Sasa, ile mchezo Nairobi hucheza ni hii: asubuhi unaganda, saa nane mawingu yanafunguka kidogo, halafu jioni unaganda tena. Ukivaa jaketi moja nzito kama mtu anapanda Mlima Kenya, utaloa jasho ndani ya mathree yenye madirisha yamefungwa. Ukishuka, upepo unakupata ukiwa umelowa, na hapo utaskia baridi mbaya kuliko ya alfajiri.

Dawa ni kuvaa nguo nyepesi kadhaa juu ya zingine. Kinachokuweka joto ni hewa inayonaswa katikati ya nguo, uzito wa kitambaa ni mambo ya pili. Vesti, shati, sweta, halafu juu kabisa kitu cha kuzuia upepo, hata kama ni kile kiwindbreaker chembamba ulidharau. Jua likitoka unavua moja unaweka kwa bag. Na chunga hudi nzito ya pamba. Pamba inanyonya maji na haikauki haraka. Ikinyeshewa na ile manyunyu ya asubuhi, utabaki nayo mbichi mwilini hadi jioni. Sweta ya sufu au fleece inavumilia zaidi.

Haya, mwaga kila kitu kitandani. Kila kitu, hadi ile begi ya juu ya kabati. Shika nguo moja moja ujiulize swali moja tu: Julai iliyopita niliivaa? Kama hapana, ni kwa nini? Ukiwa mkweli utapata nyingi zilikosa kuvaliwa juu ya kitu kidogo sana. Kifungo. Zipu. Mkono mrefu. Hizo mpelekee fundi wa mtaa, yule wa cherehani nje ya kibanda. Kubadilisha zipu ni bei rahisi sana ukilinganisha na jaketi mpya, na suruali pana ya mbuzi wako ikipunguzwa miguu watu watakuuliza umeitoa wapi. Zenye zinanuka kuvu, ziloweke kwa maji yenye siki kidogo kabla ya kuzifua, halafu zikauke kabisa kabla hazijarudi kwa kabati. Zenye hutawahi vaa, uza ama upee mtu. Kabati si makumbusho.

Ukimaliza ndio utajua unakosa nini haswa. Mara nyingi ni kitu kimoja au viwili. Hiyo ndiyo unaenda nayo sokoni.

Na huko Gikomba kuna lugha yake. Bale ikifunguliwa, zile nguo za kwanza, safi kabisa, zinaitwa camera. Hizo huchukuliwa asubuhi na watu wenye boutique tao, ndio uje uzione kwa dirisha zikiwa zimepigwa pasi na bei imezidishwa. Zile za mwisho, za kurushwa chini kwa gunia, zinaitwa fagia. Kati ya hizo mbili ndipo wewe na mimi tunaishi. Siri ni kupata muuzaji mmoja, umuulize siku gani anafungua bale, na ufike mapema siku hiyo. Ukienda Jumamosi saa nane unachagua mabaki ya mabaki. Toi nayo iko sawa na haina msongamano kama wa Gikomba, lakini usitegemee bei za Gikomba.

Jaketi usiiangalie kwa macho pekee. Fungua na ufunge zipu mara tatu. Geuza ndani uangalie kwapa na kola, hapo ndipo uchafu wa mwenyewe wa kwanza hukaa. Nusa, usione aibu. Kama ni ile ya manyoya, ifinye uone kama manyoya yanatoka kwa mishono, yakianza hayaachi. Kama ni ya ngozi, kunja mkono kwenye kiwiko: ngozi feki ikizeeka inabambuka kama rangi ya ukuta, na ikishaanza kubambuka hakuna fundi atakusaidia. Halafu usimwambie muuzaji umeskia baridi.

Ndula ni story fupi. Zikilowa, zijaze magazeti ndani na uyabadilishe yakishika maji. Usiziweke karibu na moto, gundi italegea na soli itakuaga katikati ya Moi Avenue.

Tuingie kwa ngozi, juu unaweza piga luku ya nguvu halafu mikono imepauka kama umetoka kubeba simiti. Makosa ya kwanza ni maji. Najua baridi ni kali na koili iko hapo, lakini maji ya moto sana yanaondoa mafuta ya ngozi yenyewe. Oga na ya vuguvugu, usikae huko ukiimba album nzima. Makosa ya pili ni kukauka kabisa kabla ya kujipaka. Jipanguse tu kidogo, ngozi ikiwa bado ina unyevu, hapo ndio upake ili mafuta yafungie yale maji ndani. Na si lazima iwe lotion ya bei ya kutisha. Arimis ilitengenezewa matiti ya ng'ombe na bado nusu ya hii jiji inang'aa juu yake. Glycerine pia iko fiti, ila ichanganye na maji kidogo. Midomo usiilambe, mate yakikauka yanaiacha vibaya zaidi.

Wenye ndevu, na wenye hupenda fade kila wiki mbili: kabla mashine iguse kichwa chako, mwambie kinyozi aisafishe na spirit ukimuona. Hiyo si maringo. Mashilingi ya kichwani inasafiri kutoka kichwa kimoja hadi kingine kupitia hizo mashine. Na mavin nayo, tunazivaa hadi kwa kitanda. Ile sufu inasugua nywele za mbele na kuzivunja taratibu. Shonea kitambaa cha satin ndani, au funga skafu laini kwanza ndio uvae mavin juu. Madem mmesuka, hakikisheni nywele zimekauka hadi kwenye ngozi kabla ya kufunika, la sivyo kuvu itahamia huko pia.

Sasa ile sehemu sipendi kuongelea. Interview yangu ya kwanza ya maana ilikuwa mwezi wa saba. Shati nilifua jioni, nikaianika ndani ya keja juu nje kulikuwa na manyunyu. Asubuhi ilikuwa nusu kavu. Nikaipiga pasi, nikamwagia perfume nyingi. Katikati ya swali la pili, yule mama alisimama polepole akaenda kufungua dirisha. Hakusema kitu. Sikupata hiyo job, na sijui kama ni shati au ni majibu yangu, lakini hilo dirisha bado nalikumbuka. Perfume haiondoi harufu ya nguo mbichi, inaipa tu rafiki.

Kwa hivyo fua mapema, si usiku wa kuamkia siku ya maana. Kamua vizuri, kisha viringisha shati ndani ya taulo kavu na uibonyeze, taulo itavuta maji mengi. Anika kukiwa na nafasi kati ya nguo na nguo, na uache dirisha wazi kidogo.

Na tafadhali, usiingize jiko la makaa ndani ya bedsitter eti likaushe nguo au lipashe chumba ukilala. Makaa yakiungua yanatoa hewa ya carbon monoxide. Haina rangi, haina harufu, na inachukua nafasi ya oksijeni kwa damu yako ukiwa umelala fofofo. Watu wamekufa hivyo hapa hapa Kenya. Kama uko ndani na jiko na kichwa kinaanza kuuma au unaskia kizunguzungu, toka nje kwanza, mengine baadaye. Lala na soksi na blanketi mbili.

Jua likichomoza Jumapili saa sita, kimbia na beseni hadi rooftop, juu yule jirani wa floor ya tatu huanika hadi mapazia na hatakuachia hata kamba moja.