Cyangugu, mtaa unaotazamana na Bukavu

Ukisimama ukingoni mwa ziwa Kivu pale Cyangugu, mji mkubwa unaouona mbele yako si wa Rwanda. Ni Bukavu, nyumba zake zimepanda vilima vya ng'ambo, na kinachoitenganisha na Cyangugu ni mto Rusizi tu, unaotoka ziwani hapohapo kuelekea Tanganyika.

Mpaka huu ni wa juzi. Wabelgiji walifika Shangi, kaskazini kidogo, mwaka 1896. Wajerumani wakaja mwaka 1898. Mkataba wa 1910 ndio uliogawa: Ijwi, kisiwa kikubwa, kikaangukia Kongo, na Nkombo kikabaki Rwanda. Udugu haukugawanyika, hadi leo wa Nkombo husema Mashi, lugha ya majirani zao wa Bukavu.

Cyangugu ilikuwa makao ya mkoa, lakini soko, mabasi na uwanja wa ndege viko Kamembe, juu kilimani. Mwaka 2006 mkoa ulifutwa, zikazaliwa wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Kule chini pakabaki mtaa wa forodha, hoteli na maghala. Kusema kweli, pana sura ya kitongoji cha Bukavu kuliko cha Kamembe.

Njiani kati ya hapo na Kamembe upo uwanja wa Kamarampaka. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu walikusanywa humo, kisha wengine wakatolewa kwenda kuuawa.

Jioni mitumbwi mitatu mitatu, iliyounganishwa kwa miti mirefu, huingia ziwani. Usiku taa huwashwa, sambaza hufuata mwanga, wavu huinuliwa. Samaki hawa wadogo si wenyeji: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa sahani ya sambaza wa kukaanga ni kama kitambulisho cha mji.

Asubuhi ni zamu ya kina mama wa mboga na maziwa, vikapu kichwani, wakivuka daraja kwenda kuuza Bukavu. Bei hupatanwa kwa Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Hapa kilikuwa kazini siku nyingi.

Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipofunga mpaka, na mji wa Rusizi ukaendelea kufungiwa wakati Kigali imeshafunguliwa, kina mama hao ndio walioumia kwanza: shamba lipo, mboga zimekomaa, mteja yuko ng'ambo ya mto.