Kwa nini mgonjwa aliyevimba ubongo hutiwa chumvi

JAMAA wanaomzuru mgonjwa katika chumba cha wagonjwa mahututi aghalabu hushangaa. Mpendwa wao amelala hajitambui baada ya ajali ya barabarani au kiharusi. Midomo imemkauka, lakini wauguzi hawaruhusu apewe hata tone la maji.

Badala yake, anatiwa maji ya chumvi mshipani na kutolewa damu ya kupimwa mara kadhaa kwa siku. Wapo wanaodhani huo ni ukatili, au ni njia ya kuongeza bili.

La hasha! Kila kipimo kina sababu yake.

Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, mfupa usiotanuka. Ukivimba, presha hupanda humo ndani, damu hushindwa kuufikia vyema, na mgonjwa huweza kufa. Hivyo basi, lazima maji yapunguzwe ubongoni.

Kila mpishi wa kachumbari anajua kwamba kitunguu kikitiwa chumvi hutoa maji. Madaktari hutumia kanuni iyo hiyo. Maji ya kawaida ya dripu ya chumvi yana gramu 9 za chumvi kwa lita. Yale makali yanayotumiwa kwa ubongo uliovimba huweza kuwa na gramu 30 au zaidi.

Dawa nyingine ni manitoli, ambayo huvuta maji kutoka ubongoni hadi kwenye damu, kisha yakatoka kwa mkojo.

Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mkojo huo hubeba pia madini ya mwili. Kwa kawaida, sodiamu katika damu huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, na potasiamu kati ya 3.5 na 5.

Sodiamu ikishuka, maji hurudi ubongoni, uvimbe ukazidi na mgonjwa akashikwa na kifafa. Ikipanda kupita kiasi, figo huweza kudhurika. Potasiamu nayo ikipungua, moyo hupiga ovyo.

Isitoshe, ubongo ndio hutoa homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji. Ukijeruhiwa, homoni hiyo huweza kuzidi, sodiamu ikashuka. Au hukosekana, mgonjwa akakojoa lita nyingi kwa siku, sodiamu ikapanda. Ndiposa wauguzi hupima mkojo kila saa.

Marekebisho nayo hayataki pupa. Sodiamu iliyokaa chini kwa siku kadhaa hupandishwa polepole, kwa kawaida isizidi milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24. Ikipandishwa ghafla, neva za shina la ubongo huharibika, na mgonjwa huweza kupoteza uwezo wa kusema na kumeza. Iliyopanda ikishushwa ghafla, ubongo huvimba tena. Haraka haraka haina baraka.

Jamaa mnaweza kusaidia. Msimpe mgonjwa maji, sharubati wala uji kisirisiri. Akiwa hajitambui, vinaweza kuingia mapafuni, na maji ya ziada huvuruga hesabu ya daktari.

Mwelezeni daktari dawa zote alizokuwa akitumia nyumbani, hususan za presha, za kifafa na za kuongeza mkojo, kwani baadhi yake huvuruga madini hayo.

Tena msiogope kuuliza: "Daktari, sodiamu yake leo ni ngapi, na jana ilikuwa ngapi?" Ni haki yenu kujua.