NGIRI, BUSHA NA MAGONJWA YENYE MAJINA YA MADAKTARI



Hapa pwani neno ngiri hubeba mambo mengi. Mtu akiumwa kiuno, husema ni ngiri. Tumbo likimkata, ngiri. Akivimba korodani, ni ngiri au mshipa. Hospitalini hawasemi hivyo, na ndiyo maana mtu hurudi na karatasi ya Kireno akaona amepewa ugonjwa mwingine.

Je, ngiri ni nini?

Tumbo lina ukuta wa nyama unaoshika utumbo ndani. Ukuta huo ukiwa na tundu au mahali palipolegea, utumbo husukumwa nje na kuvimbisha ngozi. Hiyo ndiyo ngiri, kwa Kireno hérnia. Ukiandikiwa inguinal, ni ya kinena. Umbilical ni ya kitovu. Femoral ni ya juu ya paja, na hii huwapata zaidi akina mama. Nyingine hutokea kwenye kovu la upasuaji. Wengine huzaliwa na tundu hilo, na wengine hulipata kwa kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni au kubeba mizigo mizito.

Watoto wengi huzaliwa na ngiri ya kitovu. Mara nyingi hujifunga yenyewe kabla mtoto hajafika miaka 5. Kumfunga sarafu kitovuni hakusaidii, na ngozi yaweza kuoza chini yake.

Busha ni jambo jingine

Ngiri ya kinena mara nyingi hurudi ndani mtu akilala, na hutoka akikohoa. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, na hayarudi popote. Wazee husema busha huletwa na madafu. Kunyweni madafu, hayana kosa. Busha nyingi za pwani yetu hutokana na minyoo midogo inayoletwa na mbu, hiyo hiyo inayoleta matende. Minyoo hiyo huitwa Wuchereria bancrofti, kwa majina ya madaktari wawili: Otto Wucherer, aliyeona vitoto vyake kwa wagonjwa wa Brazil mwaka 1866, na Joseph Bancroft, aliyempata mnyoo mkubwa huko Australia mwaka 1876.

Na hapa Afrika Mashariki? Mwaka 1946 daktari Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Akaona kwamba mashariki mwa wilaya yake wanaume wenye busha walikuwa wengi sana kuliko magharibi. Alijifunza kuuliza ugonjwa uko wapi na hauko wapi. Baadaye, akiwa Kampala, aliuliza vivyo hivyo juu ya saratani iliyovimbisha mataya ya watoto, akaiandika mwaka 1958. Saratani hiyo hubeba jina lake mpaka leo.

Kwa hiyo ukisikia jina la kigeni, usiogope kwamba umeletewa ugonjwa wa Ulaya. Ni jina la aliyeueleza. Mwaka 1735 mjini London, Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijajulikana, lakini mtoto alipona. Ngiri ya kinena yenye kidole tumbo ndani yake huitwa ya Amyand.

Jina moja lina faida kubwa kwetu: Richter, daktari wa Ujerumani wa karne ya 18. Katika ngiri yake tundu hubana upande mmoja tu wa utumbo. Mgonjwa aweza kuendelea kupata choo huku sehemu iliyobanwa inakufa. Basi mtu asiseme, "Mbona choo napata, nitangoja."

Wakati wa kukimbia

Uvimbe uliokuwa ukirudi sasa haurudi, umekuwa mgumu na unauma. Mgonjwa anatapika, tumbo limejaa, au ngozi ya juu imebadilika rangi. Hapo utumbo umenyongwa. Ni hatari ya saa, si ya siku. Usiusukume kwa nguvu, usikandwe, usichanjwe, usinywe dawa ya kuharisha wala usile kitu. Nenda kituo cha afya hata kama ni usiku; jirani akusindikize.

Ngiri isiyouma nayo ionyeshwe, kwani dawa ya kunywa haizibi tundu. Hurekebishwa kwa upasuaji. Wanaume wengi hulificha jambo hili chini ya kikoi mpaka lizidi. Ukiona haya, muulize activista mwanamume akuongoze. Mwambie mhudumu uvimbe ulianza lini, kama unarudi ukilala, na kama uliwahi kupasuliwa. Akikuandikia guia de transferência, itunze isilowe mvua, maana huko uendako wataiuliza kwanza.