Mkono Uliotunza Miwaridi

Wahenga wa pwani walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Askari anaijua maana ya usemi huo kuliko watu wengi, kwani kazi yake ni kuondoka. Awe mlinzi wa mpaka, awe polisi aliyehamishiwa wilaya ya mbali, au awe miongoni mwa wale ambao wamepokezana zamu nchini Somalia tangu vikosi vya Uganda vilipotua Mogadishu mwezi Machi 2007, siku moja hufunga mzigo wake na kushika njia ya nyumbani. Njiani humsumbua swali moja tu: nitakuta nini?

Sisi nasi tulikuwa na swali hilo mwezi wa Machi, tulipokuwa tukirejea Kampala kutoka Moroto baada ya kazi ya miezi mitatu. Tulipita Soroti, tukapita Mbale, na tulipouvuka mto Naili pale Jinja, juu ya daraja lililofunguliwa Oktoba 2018, tuliona mawingu ya masika yamekusanyika upande wa ziwa. Badala ya kufurahi, tulihuzunika. Tulijua kwamba hata Kampala mvua huwa haba Januari na Februari, na mbele ya nyumba yetu huko Ntinda ilikuwapo miwaridi kumi na miwili iliyopandwa na marehemu mama yetu mzazi. Tuliiacha ikiwa dhaifu, majani yake yameingia madoa meusi na kupukutika. Siku ya kuondoka tulitoa amri: mtu yeyote asiikate, hata tawi moja. Tuliogopa kupoteza kitu cha mwisho alichotuachia mama.

Jioni ile tulipofungua lango, tulisimama kimya. Miwaridi yote kumi na miwili ilikuwa imechanua kwa pamoja, myekundu na ya manjano, na harufu yake imejaa ua mzima.

“Mungu mkubwa!” tulisema. “Imejiponya yenyewe.”

Mama watoto alitazama chini. “Pole na safari, Baba. Haikujiponya. Niliikata yote hadi magotini, wiki ya mwisho ya Januari. Niliogopa kukuambia kwa simu.”

Akatuonyesha mashina. Kila tawi lilikatwa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili chipukizi lisielekee ndani ya mti na kuzuia hewa. Majani yenye madoa aliyakusanya na kuyachoma, na maji yaliyooshea mboga aliyamwaga penye mizizi kila jioni, si juu ya majani, kwa sababu ugonjwa ule hupenda majani yaliyolowa.

Hapo ndipo tulipotambua jambo ambalo wakulima wa maua hulijua vyema. Huko Ulaya mwaridi hulala wakati wa baridi, na majira ndiyo huuamsha. Kampala iko karibu mno na ikweta, hakuna baridi ya kuulaza mti. Hapa maua hufuata kisu: ukikata leo, baada ya wiki sita au nane hivi utaona maua. Mashamba ya mawaridi yaliyoanzishwa kandokando ya Ziwa Viktoria tangu miaka ya 1990, ambayo maua yake husafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi, hufanya hesabu hiyohiyo. Maua yanayotakiwa sokoni kwa ajili ya 14 Februari hutokana na matawi yaliyokatwa mwezi Desemba.

Basi, anayekuta mawaridi ya Kampala yamechanua kwa pamoja anaweza kuhesabu nyuma na kujua ni lini mkono wa mtu ulifanya kazi. Tulihesabu. Wiki ile ya mwisho ya Januari, sisi tulipokuwa Moroto tukisadiki kwamba amri yetu inaihifadhi bustani, mtu mmoja alisimama peke yake mbele ya miti ya mkwewe, kisu mkononi, akijua kwamba ikifa atalaumiwa yeye.

Ndugu askari, sisi tuliozoea kupokea na kutoa amri ni wepesi wa kuacha amri nyumbani tunapoondoka. Lakini anayebaki ndiye anayeona ukame ukiingia, mtoto akiugua, karo ikidaiwa. Hawezi kungoja kibali kutoka mbali kwa kila jambo. Tukirudi na kukuta mambo yamebadilika, tusianze kwa ukaguzi kama wa gwaride. Tuulize kwanza, tushukuru pili, na kama kuna kosa, lizungumzwe tatu.

Usiku ule mvua ya kwanza ilinyesha. Mama watoto aliuliza kama tumekasirika. Tulimjibu kwamba amri ile imefutwa, na kwamba tungekuwa tumetiiwa, tungekuta kuni. Alicheka, na tukacheka naye.

Maua haya yatakapokwisha, miwaridi itakatwa tena. Safari hii kisu atashika yeye, na sisi tutabeba ndoo.