Lubumbashi: Seva ikikwama, tazama orodha kabla ya kumshutumu mtu

Ilikuwa mwisho wa mwezi, saa tisa za mchana, katika ofisi moja mjini Lubumbashi ambako mwandishi wa habari hii alikuwa na shughuli zake. Kompyuta zaidi ya thelathini zinatumia seva moja inayotunza faili zote za kazi. Ghafla kila kitu kikawa kizito. Barua ya ukurasa mmoja ilichukua dakika nzima kufunguka, na mama mhasibu alikuwa hajamaliza orodha ya mishahara.

Wengi walimgeukia stajiere, kijana anayetengeneza video, wakisema faili zake kubwa ndizo zinazokwamisha wengine. Baadhi walitaka seva izimwe na kuwashwa upya.

Papa fundi alikataa yote mawili. Kuzima seva wakati faili ziko wazi kunaweza kuharibu kazi ya watu, tena kunafuta dalili za tatizo, ambalo kesho litarudi.

Alianza na amri ya top. Prosesa haikuwa na kazi nyingi, ila ilipoteza muda mwingi ikingojea diski. Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyeifanyisha diski kazi bila kupumzika. Lakini nani?

Seva hiyo inatumia Linux na Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia, ambayo inaziwezesha kompyuta za Windows kutumia faili za seva kama hiyo. Samba huipa kila kompyuta inayojiunga mchakato wake wenye namba. Amri ya iotop ilionyesha mchakato unaosoma diski kuliko yote. Kisha smbstatus ikaonyesha, kwa namba hiyohiyo, jina la mtumiaji, kompyuta yake na faili alizofungua.

Kijana wa video alikuwa na faili moja tu. Mchakato mzito ulikuwa wa kompyuta ya mkurugenzi. Kila fundi aliporudia amri, faili zilizofunguliwa zilikuwa nyingine, hadi zile za zamani ambazo hakuna anayezihitaji tena. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa mkutanoni. Antivirusi mpya kwenye kompyuta yake ndiyo iliyokuwa ikikagua faili zote za seva, moja baada ya nyingine.

Ukaguzi uliposimamishwa, kazi ilirudi kama kawaida. Fundi aliiondoa seva kwenye ukaguzi wa kompyuta hiyo, akapanga faili zikaguliwe usiku na seva yenyewe.

Wenye seva za NFS wajue kwamba huko njia ni tofauti. Michakato ya nfsd huwahudumia wateja wote kwa pamoja, hivyo namba yake haimtaji mtu. Fundi hutumia tcpdump kuona ni anwani gani inayotuma maombi mengi.

Orodha ya mishahara ilikamilika jioni hiyo. Wawili kati ya waliomshutumu kijana walikwenda kumwomba radhi.